Taa inasingiziwa bure: umeme, mkaa na taka za nyumbani vinaishia wapi hasa

Nyumba ninayokaa Makorora ina vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na mita moja tu ya LUKU, ile ya kulipia kabla, imepigwa ukutani barazani, na kama umewahi kupanga nyumba ya namna hii hapa Tanga sina haja ya kukuelezea vita yake ikoje. Umeme ukikata saa mbili usiku kila mtu anatoka mlangoni na tochi ya simu anauliza zamu ya nani kununua yuniti, na kabla jibu halijapatikana ashatajwa mtu aliyelala na taa. Siku zote ni taa. Dada wa chumba cha mwisho anaogopa giza, analala taa inawaka mpaka asubuhi, basi kwa miaka miwili yeye ndio alikuwa mchawi wetu wa yuniti.

Mi nilikuwa upande wa washitaki, nakiri.

Sasa jumamosi moja nimekaa barazani sina kazi nikawa naiangalia mita yenyewe. Ina taa ndogo nyekundu inakonyeza, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh. Miaka yote naiona na sikuwahi kujiuliza ni nini, kumbe maana yake ni rahisi tu, hiyo taa ikikonyeza mara 1000 basi yuniti 1 imeenda. Yako inaweza kuwa imeandikwa 1600 au namba nyingine, isome kwanza. Nikapata wazo, nikawaomba watu wazime kila kitu kwa nusu saa (shemeji alidhani kuna mtu kanituma) tukaacha taa ya dada peke yake, balbu ya LED wati 9. Tukasubiri. Tukasubiri tena mpaka watu wakaanza kusema mita imekufa. Ilikuja kukonyeza mara moja baada ya kama dakika saba. Halafu nikaleta pasi yangu ya wati 1200 nikachomeka, ikawa kila sekunde tatu, nyekundu, nyekundu, nyekundu, kama taa ya gari inayokata kona. Watu wakanyamaza.

Hesabu yake iko hivi. Yuniti moja ni wati 1000 zikitumika saa nzima, au wati 100 kwa saa kumi, ni kuzidisha tu. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12, toka magharibi mpaka alfajiri, imekula wati-saa 108, yaani sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kwetu sisi yuniti moja ikijumlisha na makato inakuja kama shilingi 356, kwahiyo dada analala na taa yake kwa shilingi 38 hivi. Thelathini na nane! Wakati mimi mshitaki kila asubuhi napiga pasi shati moja, tena naiwasha mapema iwe tayari wakati natafuta soksi.

Hii ndio siri yenyewe na ukiielewa hii mengine yote yanafuata. Kitu kinachotoa mwanga, sauti au picha siku hizi kinakula kidogo. Kitu kinachopasha moto au kinachopoza kinakula kikubwa. Pasi, birika la umeme, jiko la koili, hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, friji, kiyoyozi. Zamani wazee wetu walivyosema zima taa walikuwa sahihi kabisa kwasababu balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60 ambayo ukiigusa unaungua, nayo ilikuwa ni kipashio tu kinachotoa mwanga kwa bahati, sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa inatoka kama joto. Balbu imebadilika ila ugomvi wetu haujabadilika. Kama kwako bado kuna balbu ya waya hata moja, ya chooni au ya uani, hiyo ndio uitoe leo.

Chukua maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba, tuseme yana nyuzi 28, kuyapandisha mpaka nyuzi 45 yawe ya moto wa kuoga kunahitaji karibu 0.4 ya yuniti, na hapo hakuna ujanja, hita iwe ya bei ghali au ya machinga maji yanadai joto lilelile. Hiyo ni usiku nne za taa ya dada kwa mtu mmoja kuoga mara moja. Na sisi tunakaa Tanga! Ndoo nyeusi yenye mfuniko ukiiacha uani toka saa nne asubuhi, jioni maji yana uvuguvugu wa kutosha, labda kipindi cha kusi mwezi wa saba ndio utalalamika kidogo. Halafu hizo hita za kutumbukiza, chomoa kwenye soketi kabla hujaingiza mkono kwenye maji, zimeua watu hizo.

Kuna upande mwingine ambao watu wengi hauwakai sawa, nao ni bei. Utasikia mtu wa Pongwe anasema yeye anaweka 9,150 anapata yuniti 75 na wewe umeweka 10,000 umepata 28, unaanza kuhisi umeibiwa. Hujaibiwa, mko makundi tofauti. Kundi la matumizi madogo, D1, yuniti ni shilingi 100 kwa zile 75 za kwanza za mwezi, ukizidi hapo kila yuniti ya ziada ni 350. Kundi la kawaida, T1, ni 292 kuanzia yuniti ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, ndio maana 100 inakuwa 122 na 292 inakuwa 356. Na ile kwamba ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi unapata kidogo ni kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa hapohapo, usipotumia mwezi huu inakusubiri mwezi ujao.

Sasa rudi kwenye nyumba yetu ya vyumba sita. Tunatumia kama yuniti 7 kwa siku, 210 kwa mwezi, ukigawa ni 35 kwa chumba. Mtu wa yuniti 35 ni mtu wa matumizi madogo kabisa, angekuwa na mita yake na akawekwa D1 angelipa kama 4,270. Lakini kwa vile tumebanana kwenye mita moja, mita inaonekana ni ya tajiri wa yuniti 210, tuko T1, na kila chumba kinatoa kama 12,500. Yaani sisi tusio na kitu ndio tunanunua umeme bei mara tatu kwasababu tunachangia. Nilivyomweleza bi mwenye nyumba akaniuliza kwani nani kaniambia nitafute mita. Kuvuta mita nyingine kuna gharama zake na yeye lazima akubali, kwahiyo hapo sina dawa, nasema tu ili ujue ugomvi mwingine haumalizwi na kuzima swichi. Ila kama wewe una mita yako na unacheza kwenye 70, 80 kwa mwezi, hizo yuniti tano sita za juu ndio za kuzipigania maana zinakatwa bei mbaya kuliko zote, na ukizoea kuzidi unahamishwa kundi.

Friji. La kawaida la kwetu linakula kama yuniti 1 kwa siku likiwa zima, na likiwa bovu linakula mara mbili bila kukuambia chochote, linanguruma tu. Kosa la kwanza ni mpira wa mlango. Chukua noti ya elfu, ibane mlangoni halafu ivute, ikitoka kirahisi basi baridi nayo inatoka kirahisi na mota inakimbizana na hewa ya Tanga mchana kutwa. La pili ni kulibananisha ukutani, lile joto lililotolewa kwenye samaki wako linatakiwa litokee mgongoni, liachie nafasi ya kiganja angalau, na usiliweke jirani na jiko. La tatu ni barafu kuganda kwenye kuta za friza mpaka inapita unene wa kidole, hiyo ni blanketi, unalivalisha friji blanketi kwa ndani. Na sufuria la mchuzi likiwa la moto acha lipoe kwanza nje, hasa kaskazi ikipiga, januari februari, maana kila nyuzi joto unayoingiza mle utalipia kuitoa.

Kiyoyozi nitasema kidogo tu maana wenye nacho wengi wako Raskazone, kwa wenye nazo, na hawajaniuliza. Feni ya wati 60 usiku mzima wa saa 8 ni nusu yuniti. Kiyoyozi kidogo cha chumba usiku huohuo ni yuniti nne, tano. Dirisha mbili zinazotazamana ukizifungua ni bure.

Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi ambayo kila mtu anaifokea? Haifiki hata nusu wati, kwa mwezi mzima robo ya yuniti kama sio chini. King'amuzi ndio kibaya, umezima tivii kwa rimoti ukaona umemaliza, kumbe kenyewe kanawaka, kashike juu ni ka moto, wati kumi hivi saa 24, hizo ni yuniti 7 kwa mwezi hakuna hata anayeangalia. Na sabufa za hapa kwetu ambazo hazizimwi ukutani mpaka umeme ukatike, ni hivyohivyo.

Tuje jikoni sasa, maana huko ndiko hela zinakoungua kweli na watu wengi hawahesabu kwasababu mkaa unanunuliwa kidogokidogo, kopo leo kopo kesho.

Mkaa kabla haujafika sokoni Mgandini ushapoteza sehemu kubwa njiani. Tanuri la udongo la porini huko Handeni au Mkinga linahitaji kilo 7 mpaka 10 za mti kutoa kilo 1 ya mkaa, zingine zimeondoka kama moshi. Halafu wewe unauwasha kwenye jiko la bati lisilo na udongo ndani, na hapo katika sehemu tano za joto labda moja ndio inaingia kwenye sufuria, nne zinapasha miguu yako na ukuta. Jiko lenye udongo ndani linabadilisha hiyo hesabu, mkaa unapungua karibu nusu, na ndio kitu cha kwanza ningekwambia ununue kama bado uko kwenye mkaa. Serikali ina mkakati wake wa 2024 mpaka 2034 kwamba asilimia 80 ya watu wawe wanapikia nishati safi, sawa, ila leo mchana kuna watu wanapika.

Kuna jambo moja la maji kuchemka ambalo shuleni tulifundishwa na jikoni tukaliacha nje. Maji yakishachemka hapa pwani ni nyuzi 100, na ukiongeza moto hayawi nyuzi 110, yanabaki 100 hivyohivyo ila yanakauka haraka. Kwahiyo maharage yanayotokota kwa fujo yanagonga mfuniko na maharage yanayotokota polepole yanaiva kwa wakati uleule, tofauti ni mkaa tu. Yakianza kuchemka punguza moto, funika, acha. Na yaloweke usiku, hiyo peke yake inakata muda mwingi sana. Bibi yangu alikuwa haijui nyuzi 100 wala sayansi yake ila wali wake maji yakikauka anagawa makaa, machache chini, machache juu ya mfuniko, anaupalia, halafu anakaa zake anasuka ukili. Wali unaivia joto ambalo lishalipiwa. Mkaa unaobaki hamwagii maji, anaufunika na sufuria bovu unakosa hewa unazima, kesho unawaka tena. Sisi siku hizi tunauacha unaungulia mpaka majivu tukiwa tumeshakula na tumelala.

Presha kuka ya umeme ndio inayochanganya watu kichwani kwasababu nimetoka kusema vinavyopasha joto vinakula umeme. Vinakula, ndio, ila hiki kinapasha chakula badala ya kupasha jiko zima, kimefungwa pande zote, na mle ndani mvuke ukibanwa maji yanapita nyuzi 100 kwahiyo maharage yanasalimu amri mapema. Nilijaribu nyumbani, nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, mita kabla ilisoma zimebaki yuniti 41.6, yalipoiva ikasoma 41.2. Sehemu 0.4 ya yuniti, kwa bei yetu mbaya ya T1 ni kama shilingi 142, na nilihakikisha hakuna mwingine aliyewasha kitu. Kwa mkaa sufuria hilohilo linanimalizia kopo zima. Jiko la koili lenye sufuria wazi juu yake ni habari nyingine kabisa, hilo usiliguse kwa maharage. Tatizo la kuka ni bei yake ya kununua, hapo sikudanganyi, sisi tulichanga vyumba vitatu.

Na taka je, maana tumesema taka. Kule nako tuna taa yetu ya dada, inaitwa mifuko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka 1 Juni 2019, sawa, na ilistahili, mitaro ya Ngamiani mvua za masika wenyewe mnajua ilikuwaje. Ila ukichukua kiroba cha taka cha nyumba ya kawaida ukakimwaga chini ukaangalia kwa macho, kilicho kizito mle ni maganda. Ndizi, muhogo, viazi, machicha ya nazi, mabaki ya wali, vichwa vya samaki. Vitu vyenye maji. Na tunamlipa mtu wa mkokoteni abebe maji hayo mpaka kwenye jalala, yakarundikane, yakiozea chini pasipo hewa yanatoa methani, gesi ambayo kwa kuipasha dunia joto inaizidi kabonidaioksaidi zaidi ya mara 25. Gesi hiyohiyo ukiikamata inapikia. Pale Hale kwenye mkonge walijenga mtambo wa kuikamata wakazalisha umeme kutokana na mabaki, maana jani la mkonge nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu, yote yaliyobaki ni taka mbichi.

Mimi sina mtambo, nina ndoo mbili. Moja ya vibichi, moja ya vikavu. Ndio mfumo mzima. Vikitenganishwa, vikavu havinuki na vina wenyewe, makopo ya maji vijana wanapita kuchukua wanauza kwa kilo, vyuma vina mtu wake, maboksi nayo. Vikichanganyika na mchuzi hakuna anayevitaka hata bure, hapo ndipo kitu kinapogeuka taka, kabla ya hapo kilikuwa mali. Vifuu vya nazi na makumbi haviingii ndoo yoyote, vinaanikwa uani vinawashia moto, vifuu vinawaka vizuri kuliko kuni. Maganda ya machungwa ya Muheza ukiyakausha pia yanashika moto haraka, yana mafuta, mi siku hizi sinunui mafuta ya taa ya kuwashia jiko.

Bomba linalodondosha nalo hesabu humo. Tone moja kila sekunde ni karibu ndoo ya lita 20 kwa siku, na maji ya Tanga yametoka Mabayani kwenye mto Zigi, yamesafishwa, yamesukumwa na pampu za umeme, halafu yanaishia kwenye sakafu ya choo. Kile kimpira cha ndani ya bomba, washa, ni hela ya vocha.

Dada wa chumba cha mwisho bado analala na taa na hakuna anayemgusa. Mimi napiga pasi jumapili mashati yote matano kwa mkupuo. Tulikuwa tunatoa viroba vitatu vya taka kwa wiki, sasa ni kimoja, mwenye mkokoteni kanuna kidogo. Ndoo ya vibichi anachukua mbuzi wa jirani, yaani hachukuliwi, anakuja mwenyewe, saa nne asubuhi ashasimama mlangoni na tukichelewa anagonga na pembe. Ramadhani iliyopita, na zile futari za muhogo na ndizi mbichi vyumba sita, alinenepa mpaka mwenye mbuzi akaja kutuuliza tunampa nini.